INJINI IKIFA TUSIZIKE GARI ZIMA

Maoni ya mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Naomba ruhusa nizungumzie jambo ambalo huenda wengine wakaliona la wazee au la matajiri. Nataka kuzungumza juu ya magari makuukuu, hasa zile Volkswagen za mgongo wa kobe ambazo injini zake hupozwa kwa upepo. Kwetu huku Feri na kule Mji wa Kale utaziona moja moja: nyingine zaenda, nyingine zimeegeshwa uani kuku wakitagia ndani.

Hoja yangu ni moja, nami naitaja mapema ili mtu asije akasema nimemzungusha. Gari la namna hii ambalo injini yake ingali hai, litengenezwe na liachwe na injini yake. Lakini lile ambalo injini yake imekufa kabisa, lisiuzwe kwa kilo kama chuma chakavu. Litiwe mota ya umeme, liishi, na injini ile ya asili ihifadhiwe. Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Basi na kufa kwa injini kusiwe mwisho wa gari.

Kwanza tuelewane tunasema nini tukisema "kupozwa kwa upepo". Injini yoyote inayochoma petroli hupata joto jingi. Magari mengi ya leo hutumia maji: maji huzunguka ndani ya injini, yakachukua joto, yakaenda kwenye rejeta kupoa, kisha yakarudi tena. Ile Volkswagen ya zamani haina habari na maji. Injini yake imewekwa nyuma, ina silinda nne zilizolala, mbili huku na mbili kule, na kila silinda ina mapezi ya chuma yaliyopangana. Feni inayozungushwa na ukanda husukuma upepo juu ya mapezi hayo na joto likaondoka. Babu yangu husema, "Gari hili halitaki maji, lataka pumzi tu." Asiyeamini na aitazame pikipiki ya bodaboda pale kituoni Feri. Pikipiki nyingi zetu nazo hupozwa kwa upepo, na yale mapezi utayaona kwa macho yako.

Kwa nchi kama yetu sifa hiyo haikuwa ndogo. Gari lisilo na rejeta haliwezi kupasuka rejeta. Mwaka 1953 yalipoanzishwa mashindano ya magari ya Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, madereva walipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara za vumbi na matope. Mwaka uliofuata, 1954, Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda wakiwa na Volkswagen. Mwaka 1957 Volkswagen ikashinda tena, na mwaka 1962 Tommy Fjastad akaleta ushindi mwingine kwa gari lilo hilo. Hebu fikirini: injini yenyewe ilikuwa na nguvu za farasi 30 na kitu tu! Wenye magari makubwa walikwama, kobe akapita.

Na msidhani hayo ni ya kale tu. Yapo mashindano ya magari ya zamani yanayoitwa East African Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003. Mwaka 2011 aliyeshinda ni Björn Waldegård wa Uswidi, na mwaka 2015 akashinda Mswidi mwenzake, Stig Blomqvist. Wote wawili waliendesha Porsche 911 za zamani, ambazo injini zake hupozwa kwa upepo pia. Kwa hivyo mtu asituambie kwamba injini ya aina hii ni takataka. Ikitunzwa yafanya kazi, tena kazi ya kutoka jasho.

Sasa tuje kwenye msiba wenyewe. Volkswagen ya mwisho ya mgongo wa kobe ilitoka kiwandani Puebla, nchini Mexico, tarehe 30 Julai 2003, ikiwa ni ya 21,529,464. Baada ya hapo hakuna mpya. Isitoshe, sheria yetu ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limezidi miaka 8. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba hizi zilizobaki uani mwetu ndizo hizo hizo. Ikiuzwa moja ikakatwakatwa, imepungua moja, wala haitarudi. Usitupe mbachao kwa msala upitao, wahenga walisema. Sisi twautupa mbachao hata msala wenyewe hatujauona!

Adui mkubwa wa magari haya hapa kwetu ni chumvi ya bahari. Gari la Nairobi likilala miaka kumi laweza kuamka. Gari la Feri likilala miaka kumi huliwa. Kutu huanza chini ya sakafu pale ambapo mtu haangalii. Katika Volkswagen hizi betri imewekwa chini ya kiti cha nyuma, na asidi yake ikivuja hushirikiana na unyevu wa bahari kuitoboa sakafu. Mwenye gari hajui mpaka siku anayoona lami chini ya kiti. Ndiyo maana ninasema suala hili halingoji. Kila mvua ya masika inayopita yaondoka na kipande.

Nasema haya kwa sababu yapo nyumbani kwetu. Babu anayo Volkswagen ambayo imesimama chini ya mwarobaini kwa miaka mingi. Fundi alipoifungua injini alikuta mkono wa pistoni umekatika na kulitoboa kasha la injini. Ami yangu alizunguka kutafuta injini nyingine. Iliyopatikana ilikuwa imechoka kuliko iliyokufa. Basi nyumba imegawanyika pande tatu.

Baba ataka liuzwe. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na mizani yake, na bei aliyotoa haikufikia hata bei ya matairi manne mapya. Lakini baba ana hoja, na si hoja ya kuchekwa: pesa kidogo za leo zalipa sehemu ya karo, ilhali gari bovu halilipi chochote. Ami ataka litiwe umeme. Na babu hataki hili wala lile. Ami alipomweleza habari za mota, babu alitikisa kichwa akasema, "Gari lisilonguruma ni sawa na jogoo asiyewika." Ami akamjibu kwa adabu, "Baba, jogoo mwenyewe ashakufa. Sasa twabishania mlio wake?" Sote tukacheka, babu naye akacheka, ila hakukubali. Baba ametupa hadi mwisho wa mwaka huu. Mwaka ukiisha bila ya shauri, mizani itarudi.

Mimi naunga mkono upande wa ami, lakini kwa masharti. Nitaeleza sababu zangu moja baada ya nyingine.

Sababu ya kwanza ni kwamba jambo lenyewe lawezekana na limekwisha kufanywa. Mwaka 2019 Volkswagen wenyewe, wakishirikiana na kampuni ya eClassics ya Ujerumani, walionyesha gari la mgongo wa kobe lililotiwa mota ya umeme ya kilowati 60, ambazo ni kama nguvu za farasi 82, na betri ya kilowati-saa 36.8. Walisema laweza kwenda kilomita 200 kabla ya kuchajiwa tena. Huko Marekani na Uingereza zipo gereji ambazo kazi yake kubwa ni hii. Ufaransa iliweka kanuni mwaka 2020 za kuruhusu gari lililozidi miaka 5 kubadilishwa kutoka petroli au dizeli hadi umeme.

Hata hapa nyumbani hatukulala. Mwaka 2017 ilianzishwa Nairobi kampuni iliyoitwa Opibus, ambayo ilianza kwa kuzibadilisha Land Rover na Land Cruiser za watalii ziende kwa umeme. Mwaka 2022 ikabadili jina ikawa Roam, nayo sasa yajulikana zaidi kwa pikipiki na mabasi ya umeme. Magari hayo ya watalii hayakuwa ya kupozwa kwa upepo, lakini kazi ni ya namna moja: ng'oa injini, funga mota, panga betri. Ikiwa gari kubwa la kupanda milima limewezekana Nairobi, kwa nini gari dogo la mtaani lisiwezekane Mombasa, kisiwa ambacho hakina mlima hata mmoja?

Sababu ya pili ni kwamba gari hili ni jepesi kulifanyia kazi. Injini yake imeshikwa kwenye gia kwa bolti nne. Mafundi wawili wanaoelewana huishusha bila ya makeke. Mahali pake hufungwa mota kwa kipande cha chuma kilichochongwa kwa vipimo sawasawa, gia ikabaki ile ile. Betri hugawanywa, nyingine chini ya kiti cha nyuma na nyingine mbele palipokuwa na tangi la petroli. Kisha kuna chombo cha kudhibiti umeme unaokwenda kwenye mota, kuna chaja, na kuna kifaa cha kupunguza umeme uwe volti 12 kwa ajili ya taa na honi. Kitu kinachopotea kwa mabadiliko haya ni hita, kwa kuwa ilitumia joto la injini. Lakini nauliza, Mombasa nani ataka hita?

Sababu ya tatu ni Feri yenyewe. Kila mtu hapa aijua foleni. Gari la petroli linapongoja chombo huku injini inawaka, lala mafuta bila kusogea hatua. Na gari la kupozwa kwa upepo lina taabu ya ziada: feni yake huzunguka kwa kasi ya injini, kwa hivyo injini ikienda polepole feni nayo hupuliza kidogo, na upepo wa mwendo haupo kwa sababu gari limesimama. Jua nalo lachoma kutoka juu. Mota ya umeme gari likisimama nayo husimama, wala haili kitu. Kisha kuna ule mwinuko wa kutoka kwenye feri, ambapo klachi za magari makuukuu hunuka mpaka abiria wakaziba pua. Mota ya umeme hutoa msukumo wake mkubwa tangu inapoanza kuzunguka. Kupanda pale kwake ni mchezo.

Umbali wetu nao si wa kutisha. Tuseme gari linatumia kilowati-saa moja kwa kila kilomita 6, na betri ina kilowati-saa 20. Hesabu ya Darasa la Nne yatwambia ni kilomita 120. Kutoka Likoni hadi Ukunda ni kama kilomita 30. Utakwenda na kurudi mara mbili. Kwa mtu wa Feri anayekwenda Mwembe Tayari, Mji wa Kale na Nyali, betri hiyo yamtosha siku kadhaa.

Lakini mwamuzi mwema husikiliza pande zote mbili, kwa hivyo nami sitazificha hoja za wanaopinga.

Hoja yao ya kwanza ndiyo ya babu: mwacha asili ni mtumwa. Wasema Volkswagen bila injini yake si Volkswagen tena, ni sanamu. Hoja hii ina uzito, na si ya babu peke yake. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, halipendelei mabadiliko haya. Msimamo wake ni kwamba gari likitiwa umeme halihesabiki tena kuwa gari la kihistoria, na kwamba mwenye kuamua kufanya hivyo afanye kazi inayoweza kutenguliwa, na avitunze vifaa vya asili.

Mimi nayachukua maneno hayo kama sharti, si kama katazo. Tazameni nyumba za Mji wa Kale. Nyumba ya zamani ikitiwa nyaya za umeme na mabomba ya maji haikomi kuwa nyumba ya zamani. Watu waishi ndani yake, na kwa kuwa waishi ndani yake, paa halianguki. Linalokatazwa ni kuung'oa mlango wa nakshi na kuuza, au kuibomoa roshani ukatia madirisha ya alumini. Nyumba isiyokaliwa ndiyo inayoanguka. Majahazi nayo yametiwa mashine zamani, na bado twayaita majahazi. Basi gari liwe hivyo hivyo. Umbo lake, taa zake za duara, usukani wake na gia yake zibaki. Pasitobolewe bati wala pasikatwe chesisi bila sababu. Injini ile iliyokufa ipakwe mafuta, ifunikwe, iwekwe mahali pakavu na namba yake. Akitokea mjukuu wa mjukuu akapata kasha zima, ataifufua.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na vijana wenzangu wanaoshabikia kila kipya. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kuna wenye Volkswagen nzima, injini yapiga kwa ufunguo mmoja, nao watamani kuing'oa watie umeme ili waonekane wa kisasa. La hasha! Injini iliyo hai ni sehemu ya urithi. Ule mlio wake ambao wazee waujua toka mwanzo wa mtaa, hakuna kiwanda kinachoutengeneza tena. Gari kama hilo huendeshwa mara chache, petroli yake ni kidogo, na moshi wake si ndio unaoiharibu Mombasa. Dawa yake ni kubadilisha oili kwa wakati, kukaza vali, kuangalia ukanda wa feni na kuzipuliza vumbi zile nafasi za mapezi. Tusimkate mtu mguu mzima ati kwa sababu ya bandia zipo.

Hoja ya pili ni gharama. Hapa nakiri upande wa pili una nguvu. Betri ndiyo hula pesa nyingi kuliko kitu kingine, na gari lililobadilishwa na gereji maarufu za ng'ambo hugharimu pesa ambazo mzazi wa mwanafunzi wa shule ya kutwa hazioti. Lakini wengi huko hawaanzi na vifaa vipya. Huchukua mota na betri kutoka kwa magari ya umeme yaliyogongwa, kama vile Nissan Leaf. Isitoshe, kazi hii haina ulazima wa kumalizika siku moja. Mwaka wa kwanza zuieni kutu na mtengeneze sakafu. Mwaka wa pili fanyeni breki. Mambo hayo mawili yatahitajika tu, liwe la petroli au la umeme, na hayapotezi hata senti. Kama ningeulizwa nyumbani, ningesema tuanze na sakafu, kwa sababu betri yaweza kungoja lakini kutu haingoji.

Hoja ya tatu ni kwamba umeme wenyewe watoka wapi? Mtu mmoja aliniambia kwamba tutahamisha moshi tu kutoka kwa gari hadi kwenye mtambo. Ni kweli kwamba umeme mwingine hutokana na mafuta, kama ule wa Kipevu hapa kwetu. Lakini sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, nguvu za maji, upepo na jua. Kwa hiyo Kenya hoja hii haina miguu mirefu kama ilivyo nayo katika nchi zinazochoma makaa ya mawe.

Hoja ya nne ni usalama, na hii naiona kubwa kuliko zote. Betri za gari la umeme zaweza kuwa na volti mia moja na zaidi, na umeme huo huua. Fundi asiyefunzwa asiziguse. Tena gari huongezeka uzito: Volkswagen ya kawaida ina kilo 800 hivi, na ile ya mwaka 2019 niliyoitaja ilikuwa na kilo 1,280. Breki za zamani hazikuundwa kwa mzigo huo, lazima ziimarishwe. Na ukimya wa gari la umeme ni hatari mahali penye watu wengi. Pale Feri kundi la watu linaposhuka, mtu huamini masikio kuliko macho. Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2021 walazimisha magari mapya yote ya umeme kutoa sauti yanapokwenda polepole. Kumbe babu hakukosea sana kuhusu jogoo kuwika! Gari litakalotiwa umeme hapa kwetu na litiwe sauti pia.

Basi tufanyeje? Nina mapendekezo matatu.

Kwanza, wenye magari haya wasikubali mizani kabla ya fundi wa kuaminika kutazama. Hukumu ya "limekufa" itolewe baada ya injini kufunguliwa, si baada ya kupigwa funguo mara mbili ikakataa. Nyingi zasemekana zimekufa kumbe zasinzia. Shida ni kabureta au waya.

Pili, ufundi huu ufunzwe. Tuna mafundi wa gereji ambao hukunjua bati lililokunjamana mpaka ukadhani limetoka kiwandani. Tuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, palipokuwa Mombasa Polytechnic. Natamani kuona fundi wa bati wa Feri na mwanafunzi wa umeme wa chuo wakikutana chini ya gari moja. Mmoja ajua chuma, mwingine ajua volti. Hakuna anayeweza peke yake. Ufundi huo hautaishia kwenye Volkswagen. Tuktuk na bodaboda za umeme zaja, na nyingine zimekwisha kuja. Fundi anayejua petroli tu atakuja kukaa barazani akitazama kazi ikipita. Gari kuukuu ni shule nzuri ya kujifunzia, kwa sababu ni rahisi, kila kitu kiko wazi na hakuna tarakilishi iliyojificha ndani.

Tatu, mambo yafanywe kwa sheria. Injini ikibadilishwa, logbuku ya gari lazima ibadilishwe na gari likaguliwe. Mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, na iweke utaratibu ulio wazi na wa bei nafuu kwa magari makuukuu yanayotiwa umeme, ili mwananchi asilazimike kutafuta njia za panya.

Walimu wangu na wanafunzi wenzangu, huenda mtu akasema gari ni chuma tu. Sawa, lakini na Ngome ya Yesu ni mawe tu. Kitu hupata thamani kwa kazi kiliyofanya na kwa watu waliokipanda. Volkswagen hizi zilibeba walimu, wauguzi, maharusi na maiti. Zile zinazonguruma ziacheni zingurume. Zile zilizonyamaza zipeni moyo mwingine kabla chumvi haijamaliza kiwiliwili. Ila mizani ya mnunuzi wa chuma isiwe ndiyo jibu letu la kwanza, kwa sababu ikishapima, hakuna tena la kujadili.

Ajuaye maana haambiwi maana.